Uja Uzito Si Hatia: Haki ya Mama Haiwezi Kuishia Langoni

Wananchi wapenda haki, nanyi nyote mlio katika makanisa yetu ya Bonde la Ufa,

Kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani, kilichotiwa mwaka 1982 ili KANU iwe chama cha pekee, kilifutwa Desemba 1991. Hakikufutwa kwa hisani ya watawala. Kilifutwa kwa sababu wananchi walikataa kuogopa. Wako waliotoka barabarani siku ya Saba Saba, tarehe 7 Julai 1990, na kukabiliwa kwa risasi. Wako maaskofu kama Ndingi Mwana a'Nzeki wa Nakuru, Alexander Muge wa Eldoret na Henry Okullu wa Maseno Kusini, walionena mimbarani wakati wengi walipofyata ndimi. Dai lao lilikuwa jepesi kulieleza na zito kulitimiza: pasiwe na mahali popote nchini Kenya ambapo neno la mtu mmoja ni sheria, na anayelipinga hupokonywa riziki.

Leo twasema wazi kwamba mahali hapo pangalipo. Utawala wa chama kimoja ulipofukuzwa bungeni ulikwenda kujificha nyuma ya malango ya mashamba, ya viwanda, ya maduka, na hata ya nyumba zetu wenyewe. Huko msimamizi ndiye rais, ndiye bunge, na ndiye jaji. Na mmoja wa wanaoonewa zaidi chini ya utawala huo ni mwanamke mja mzito, hasa yule ambaye mimba yake imemletea maradhi.

YANAYOTENDEKA

Itazameni Naivasha. Tangu miaka ya 1970 maua yamelimwa kandokando ya ziwa lile kwa ajili ya masoko ya ng'ambo, na maelfu kwa maelfu ya wafanyakazi huyakata, huyachambua na kuyafunga. Wengi wao ni wanawake. Hukaa Karagita, Kwa Muhia, Kamere na Kasarani, katika vyumba vya kupanga vilivyobanana. Maua wanayoyafunga hufika kwenye mnada wa Aalsmeer, Uholanzi, na kwenye maduka ya Uingereza. Kazi huzidi kipimo majuma yanayotangulia Siku ya Wapendanao, tarehe 14 Februari, kisha huzidi tena kabla ya Siku ya Mama.

Tafakarini jambo hilo. Huko Ulaya mtoto humpelekea mamaye waridi la Naivasha kumshukuru kwa kumzaa. Na mkono uliolikata waridi hilo huenda ni wa mama anayeficha tumbo lake chini ya ovaroli, akihofu kwamba nyapara akiliona, jina lake halitasomwa mikataba itakapotolewa upya.

Mimba isiyo na shida huweza kufichwa miezi kadhaa. Mimba yenye shida haifichiki. Mama hutapika hata maji yasikae tumboni. Damu hupungua, kichwa kikazunguka ndani ya zile nyumba za plastiki zenye joto. Miguu huvimba kwa kusimama kutwa. Shinikizo la damu hupanda, na lisipotibiwa huweza kuleta kifafa cha mimba, ambacho huua mama na mtoto pamoja. Daktari huandika cheti: apumzike, asinyanyue vitu vizito, asikaribie dawa za kunyunyizia, arudi kliniki kila juma. Cheti hicho kingepaswa kuwa ngao yake. Katika sehemu nyingi za kazi kimekuwa shahidi wa mashtaka dhidi yake.

Tueleze jinsi inavyofanyika, kwa maana ni hila wala si ajali. Hakuna mwajiri mwenye akili atakayeandika katika barua kwamba anamwachisha mtu kazi kwa sababu ya mimba. Mama hupanga foleni hospitalini tangu asubuhi, siku ikaisha, na kesho yake huambiwa kwamba alitoroka kazi. Sheria yetu huhesabu kukosekana kazini bila ruhusa wala sababu halali kuwa kosa kubwa, nalo neno hilo la "utoro" huandikwa haraka, na cheti cha kliniki hakiulizwi. Mwingine huhamishiwa kazi ngumu kuliko ile aliyokuwa nayo, mpaka ajitoe mwenyewe. Mwingine huwekewa idadi ya mashada ambayo hata mzima haifikii, kisha hupewa barua ya onyo kwa uvivu. Na aliye na mkataba wa msimu hafukuzwi kabisa: huachwa mpaka mkataba umalizike, wenzake wakaitwa, yeye asiitwe. Mikono ya mwajiri hubaki safi kama ya Pilato.

Wala tusidhani kwamba uovu huu ni wa mashamba ya maua peke yake. Mwalimu wa shule ya kibinafsi mjini Nakuru, mhudumu wa duka la jumla, karani wa benki, mchumaji wa pareto kule Molo, yaya anayelea watoto wa waumini wenzetu: wote huweza kuambiwa maneno yale yale kwa sauti tofauti. Benki huyasema kwa adabu na kwa barua yenye nembo. Nyumbani husemwa jikoni, na binti hufungasha nguo zake usiku huohuo.

SHERIA ILIYOPO, NA PALE INAPOPASUKA

Wapo watakaosema kwamba Kenya haina sheria ya kumlinda mama. Maneno hayo humfaa mdhalimu, kwa kuwa mtu asiyejua haki yake hawezi kuidai. Basi na ijulikane.

Sheria ya Uajiri ya mwaka 1976 ilimpa mama miezi miwili ya likizo ya uzazi yenye mshahara, kisha ikamnyang'anya likizo yake ya mwaka, kana kwamba kujifungua ni kwenda kustarehe ufuoni. Sheria ya Uajiri ya mwaka 2007 iliiondoa dhuluma hiyo. Kifungu cha 29 kinampa miezi mitatu yenye mshahara kamili, likizo ya mwaka ikibaki pale pale, na haki ya kurudi katika kazi yake au nyingine inayomfaa isiyo na masharti duni. Kifungu cha 5 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya mimba katika kuajiri, katika masharti ya kazi na katika kuachisha kazi. Tena kinasema kwamba ubaguzi ukidaiwa mahakamani, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba haukutendeka. Kifungu cha 41 kinataka mfanyakazi asikilizwe kabla ya kufutwa kwa sababu ya utovu wa nidhamu, uzembe au ugonjwa, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama. Na kifungu cha 46 kinatamka kwamba mimba, au sababu yoyote inayohusiana na mimba, si sababu ya haki ya kumwachisha mtu kazi.

Yashikeni maneno hayo: sababu yoyote inayohusiana na mimba. Kutapika ni sababu inayohusiana na mimba. Kulazwa wadini kwa shinikizo la damu ni sababu inayohusiana na mimba. Foleni ya kliniki ni sababu inayohusiana na mimba. Anayemwita mama huyo mtoro, hali amejua aliko, amevunja sheria.

Juu ya sheria hiyo ipo Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010, ambayo kifungu chake cha 27 kinaitaja mimba kwa jina miongoni mwa mambo ambayo hakuna serikali wala mtu anayeruhusiwa kuyafanya sababu ya ubaguzi. Neno hilo halikuanguka kutoka mbinguni. Ni tunda la miaka mingi ya mikutano, maandamano na maombi, ikiwemo kazi ya viongozi wa dini waliokutana Ufungamano. Nao Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao Kenya imefungwa nao tangu 1984, unakataza kumfukuza mwanamke kazi kwa sababu ya mimba.

Mahakama nazo zimesema. Mwaka 2013 Mahakama ya Viwanda ilimpa haki mwanamke mmoja aliyekuwa mfanyakazi wa benki, ambaye mwajiri wake alidai kwamba alimwachisha kwa kazi hafifu. Mahakama ikaona kwamba nyuma ya neno hilo lilikuwako suala la mimba yake. Kwa hiyo hila tulizozieleza juu zinajulikana mahakamani, na zinaweza kufichuliwa.

Ikiwa hivyo, mbona mama wa Karagita angali analia? Kwa sababu nguo hii imepasuka mahali patatu.

Mpasuko wa kwanza ni wa siku. Kifungu cha 30 kinampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 zenye mshahara kamili, na siku 7 nyingine zenye nusu mshahara, kwa kila miezi 12. Jumla siku 14. Hizo zaweza kutosha malaria na mafua. Mama aliyeamriwa na daktari kulala kitandani majuma sita azitoe wapi siku nyingine? Akizimaliza, hutakiwa kuchagua: kumeguliwa likizo yake ya uzazi kabla mtoto hajazaliwa, kukaa bila mshahara iwapo mwajiri atakubali, au kurudi kusimama penye banda huku akimwaga damu. Na yule anayeipoteza mimba kabla ya wakati, sheria ile ilipotungwa haikumtaja kabisa katika kifungu cha likizo ya uzazi. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2000 juu ya ulinzi wa uzazi, ule wa namba 183, unataka maradhi na matatizo ya mimba yawe na likizo yake, kwa cheti cha daktari, mbali na likizo ya kujifungua. Huo ndio uungwana, nao ndio tunaoudai.

Mpasuko wa pili ni wa mikataba ya msimu. Mwajiri husema: sikumfukuza, mkataba uliisha wenyewe. Twajibu kwamba kifungu cha 5 kinakataza ubaguzi hata katika kuajiri. Anayewaandika upya wanawake wote wa banda moja, akamwacha mmoja, na huyo mmoja ndiye mwenye mimba, ameajiri kwa ubaguzi, na aeleze kwa nini.

Mpasuko wa tatu ni wa hofu na umbali. Afisa wa leba akija shambani, aghalabu huanzia ofisini kwa meneja, akanywa chai na kuonyeshwa vitabu. Mfanyakazi naye hajui kwamba malalamiko ya kufutwa bila haki yapelekwa kwa afisa huyo katika miezi mitatu, wala kwamba kesi yenyewe ina kikomo cha miaka mitatu. Nakuru ina Mahakama ya Uajiri na Mahusiano ya Leba. Lakini kwa mtu aliyepoteza mshahara, nauli tu ya kutoka Naivasha ni ukuta.

HOJA ZA WENYE MASHAMBA

Husemwa kwamba haki hizi ni ghali, na kwamba mkiwabana sana waajiri wataacha kuajiri wanawake, au watahama na mashamba yao. Hatuipuuzi hoja hii, kwa kuwa ndani yake mna chembe ya ukweli ambayo serikali imeikimbia. Sheria imemtwika kila mwajiri peke yake mshahara wote wa likizo ya uzazi. Basi mwajiri mchoyo humwona kila mwanamke kijana kuwa gharama inayotembea. Mkataba ule wa namba 183 uliliona tatizo hili, ukaelekeza kwamba malipo hayo yatoke katika bima ya jamii au hazina ya umma, ili mwajiri mmoja asiubebe mzigo wote. Mtoto anayezaliwa ni mfanyakazi, mlipa kodi na mpiga kura wa kesho. Taifa zima humfaidi, na taifa zima limchangie.

Lakini hoja ya gharama haimpi mtu ruhusa ya kuvunja sheria leo. Isitoshe, mengi tunayoyadai hayana gharama ya kutisha. Kumpa mama kiti achambue maua akiwa ameketi ni gharama gani? Kumwondoa mahali palipotoka kunyunyiziwa dawa ni gharama gani? Kukipokea cheti cha kliniki na kukitia katika faili yake ni gharama gani? Kinachogharimu hapo ni kiburi cha msimamizi, na hicho hatuko tayari kukilipia kwa uhai wa mama na mtoto.

NENO KWA MAKANISA

Sasa twageukia nyumba yetu, maana hukumu huanzia hapo.

Kitabu cha Mwanzo chasimulia jinsi Esau alivyotaka kuandamana na nduguye Yakobo kwa mwendo wa haraka. Yakobo alikataa. Alieleza kwamba anao watoto wadogo na mifugo inayonyonyesha, na kwamba wakikimbizwa hata siku moja kundi zima litakufa. Akaomba aende polepole kwa mwendo wao. Mfugaji yeyote wa Bonde la Ufa hulielewa jambo hilo bila kuhubiriwa: hampigi fimbo ng'ombe mwenye mimba. Imekuwaje basi tukawa na huruma malishoni tuliyoikosa kazini? Na katika kitabu cha Kutoka, Mungu aliwabariki wakunga Shifra na Pua kwa kuwa waliposimama kati ya amri ya Farao na mama anayejifungua, walimchagua mama. Yuko wapi Pua wetu katika ofisi za ajira? Yuko wapi Shifra miongoni mwa wasimamizi, ambao wengi wao Jumapili huketi kiti cha mbele?

Kila mwaka maelfu ya Wakatoliki hupanda kwenda Subukia, kwenye kituo cha hija cha Mama wa Mungu, kuliombea taifa. Ni jambo jema. Lakini twauliza: anayemheshimu Maria aliyezaa zizini kwa kukosa nafasi, atamnyimaje nafasi mama aliye mbele ya macho yake?

Makanisa yetu nayo ni waajiri. Yana shule, hospitali, vituo vya watoto na ofisi. Yako yaliyozoea kumwondoa mwalimu au muuguzi aliyeshika mimba nje ya ndoa, yakasema ni kulinda maadili. Kanisa lina haki ya kufundisha maadili. Halina haki ya kuifanya njaa kuwa fimbo ya kufundishia. Wala msitueleze habari za maadili wakati binti anapokonywa kazi na tumbo likiwa la miezi mitano, huku mwanamume aliyehusika akiachwa kuimba kwaya. Sheria ya 2007 haikuandika kwamba mimba ya aliyeolewa ndiyo pekee yenye kulindwa.

Na kila msomaji aliye na yaya ajipime. Sheria ya Uajiri haikumtenga yaya. Akishika mimba, akaanza kuugua, utamfanyia nini? Mtu hawezi kuandamana kwa ajili ya haki Jumamosi na kuwa mdhalimu jikoni Jumatatu.

MADAI YETU

Kwa hiyo, kwa kauli moja, twadai haya:

1. Bunge lirekebishe Sheria ya Uajiri ili maradhi ya mimba yawe na likizo yake yenye mshahara, kwa cheti cha daktari, yasihesabiwe katika zile siku 14. Na mama aliyepoteza mimba atajwe na kulindwa.

2. Mja mzito apewe kazi nyepesi, mbali na dawa za kunyunyizia, bila kukatwa mshahara.

3. Mja mzito asipoandikwa upya baada ya mkataba wa msimu, ichukuliwe kwamba amebaguliwa mpaka mwajiri athibitishe vinginevyo.

4. Iundwe hazina ya uzazi inayochangiwa na wote, ili kisingizio cha gharama kiishe.

5. Maafisa wa leba waongezwe, wafike mashambani bila kutangaza, na wawasikilize wafanyakazi Karagita na Kamere, mbali na macho ya meneja.

6. Chama cha Wafanyakazi wa Mashamba, KPAWU, chenye makao makuu hapa Nakuru, kiyatie madai haya katika makubaliano ya pamoja na waajiri, na kila shamba liwe na mwakilishi mwanamke atakayesimama na mama siku ya kusikilizwa.

7. Kila parokia na kila kanisa liteue watu wawili wa kuwapokea akina mama hawa, kuwasaidia kuandika malalamiko kabla muda haujapita, na kuwasindikiza kwa afisa wa leba. Na kabla ya kuwakemea wengine, kanisa lipekue kwanza orodha ya mishahara yake.

Nanyi akina mama wenyewe, msikubali kufutwa kwa maneno ya mdomo. Wekeni nakala ya kila cheti na kila barua. Andikeni tarehe mliyomwarifu msimamizi, na nani alikuwapo. Msitie sahihi karatasi ya kujiuzulu mliyoandikiwa na mtu mwingine. Mkiitwa kusikilizwa, msiende peke yenu.

Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliketi katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi, wakagoma kula. Miongoni mwao alikuwa Mama Monica Wangu, mzazi wa Koigi wa Wamwere wa Nakuru. Walikuwapo pamoja na Wangari Maathai. Mapema Machi polisi waliwavamia kwa virungu na gesi ya kutoa machozi. Wakahamia katika kanisa kuu la All Saints, na kanisa halikuwafungia mlango. Kufikia mwaka 1993 wengi wa wafungwa wale walikuwa wameachiliwa. Mama hao hawakuwa na chama, fedha wala silaha. Walikuwa na uchungu wa uzazi, na mlango mmoja uliokuwa wazi.

Mama wa leo hawadai zaidi ya hayo. Wanadai kwamba uhuru uliopatikana kwa jasho la mama wale uvuke lango la shamba, uingie bandani, ukae nao siku ya maradhi. Sheria imeandikwa nusu. Nusu nyingine tutaiandika kwa kusimama. Anayemfukuza mja mzito kazini ajue kwamba tunamwona, na kwamba hatutanyamaza.